Jiko la Bibi Lilivyopata Kumi na Tatu kwa Mia

Enzi zetu, ukipewa kazi ya fizikia hukuwa na simu ya kuiuliza. Watoto wangu hulipiga picha swali, wakapata jibu kabla hawajalisoma. Sisi jibu tulilifuata jikoni.

Nilikuwa kidato cha pili, tukikaa mtaa wa Malindi, nyumba ya ghorofa yenye jiko juu darini, mahali pa wazi. Huko bibi yangu, Bi Salma, alipika kwa mkaa, upepo ukimpeperushia kanga. Mwalimu wetu akatuagiza tupime ufanisi wa majiko ya nyumbani: chukua joto lililoingia kwenye maji, ligawe kwa joto lote la mkaa ulioungua, zidisha kwa mia.

Nikaazima mizani dukani kwa jirani, kipimajoto skuli. Nikateleka lita mbili za maji, kutoka digrii thelathini mpaka yakachemka. Mkaa uliobaki nikauzima ndani ya kopo lenye kifuniko, nikaupima. Gramu mia na hamsini zimekwenda. Kila gramu, mwalimu alitwambia, hutoa kilojuli thelathini. Jumla elfu nne na mia tano. Maji yalipata mia tano themanini na nane tu.

Bibi akauliza nimepata nini.

"Kumi na tatu kwa mia," nikamjibu, nimefurahi hesabu imetoka.

Akasema taratibu, "Nnapika jiko hili tangu mamako hajazaliwa, leo we unanipa kumi na tatu?"

Nikamweleza kuwa alama ni ya jiko, si yake. Hakutaka kusikia. Siku mbili hakupika. Ikawa urojo wa kununua njiani mchana, urojo usiku, mpaka Baba akaniambia nikamtake radhi Bibi, au nimwongeze alama.

Siku ya tatu nikasikia naitwa. Nikaitika "Naam", nikapanda mbio. Nikamkuta Bibi kazungushia jiko vipande vya bati kuzuia upepo, mkaa kaupasua mdogo mdogo, sufuria kaifunika na juu ya kifuniko kaweka jiwe. Akaniamuru nipime, naye akakaa karibu kuchunga nisimpunje. Safari hii maji yale yale yalikula gramu themanini tu. Ishirini na nne na nusu kwa mia.

"Na hilo joto jengine lote linakwenda wapi?" akauliza.

Nikamwambia linapotea: kwenye upepo, kwenye kuta, na kwake yeye aliyekaa karibu.

"Kwangu halipotei. Kila asubuhi nnaota moto hapa ndo magoti yananyooka. Mwambie mwalimu wako na hilo alihesabu."

Nikaliandika. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani, kisha akanikata alama moja kwa kuwa magoti sikuyawekea kipimo.

Siku hizi nna birika la umeme, linachemsha maji kabla sijaona kikombe. Kijana wangu humimina chai yake, akaenda zake chumbani na kufunga mlango. Kule darini hakuna aliyeondoka na kikombe chake. Tulikaa kulizunguka jiko, tukisukumana magoti, mpaka majivu yapoe.