Chai ya Kuku

Niliolewa Ilomba na kuku mmoja. Mali yangu nyingine ilikuwa ndani ya sanduku la bati: khanga, sufuria mbili, na chupa ya chai ya buluu niliyopewa na mjomba siku ya harusi. Kuku nilimbeba mwenyewe ndani ya kikapu, tangu kwetu Idodi mpaka Iringa mjini, kisha kwenye basi siku nzima mpaka Mbeya. Alikuwa mtetea kishingo, wale wenye shingo tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Mama yangu alinipa akisema mwanamke asiende ugenini akaanze kwa kuomba yai.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na Ilomba ilikuwa mashamba na nyumba chache za udongo. Mume wangu alikuwa utingo wa lori, kwa hiyo nyumbani alionekana kama mgeni. Aliyenipokea hasa ni mama yake, mjane wa Kiislamu ambaye babu yake aliingia bara na biashara kutoka pwani. Alimtazama kuku wangu, kisha akanitazama mimi ninavyotetemeka, maana kwetu Idodi ni joto na baridi ya Mbeya nilikuwa naisikia tu.

"Ewe, na huyu mwenzio hana hata mtandio," alisema. "Mtakufa wote wawili kabla hamjaijua njia ya kisimani."

Akachukua kitambaa na kamba, akamfunga kuku mguuni, kamba akaizungusha kwenye nguzo ya jiko. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watu husema hivyo kwa mafumbo, lakini sisi tulifanya kweli: siku saba amefungwa, mpaka ajue kwao ni wapi. Mimi sikufungwa kamba, ila nilijua natazamwa. Majirani walisikiliza Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kihehe, wakaangalia ninavyopepeta mchele na ninavyobeba maji, wakangoja niharibu kitu. Sikuwangojesha sana.

Mama mkwe alikuwa na kuku zaidi ya thelathini na alinifundisha kuwatunza kwa namna ambayo sijaisahau. Asubuhi hakukimbilia kufungua banda. Alikaa kwanza kwenye kigoda mlangoni, akatega sikio. "Kuku mzima humsikii pumzi," aliniambia. "Ukisikia anakoroma, usifungue. Mtafute ni nani, mtoe, mtenge." Kisha alitazama vinyesi kwa makini kama mtu anayechagua mchele, kama ni vya kijani, kama vina maji. Majivu alimwaga pale wanapojigaragaza, kwa ajili ya utitiri. Mwenye magamba miguuni alimpaka mafuta ya taa kidogo kwa unyoya. Kila mwezi alikata shubiri akailoweka kwenye maji yao ya kunywa, nao wakayanywa kwa kununa. Lakini hakujidanganya. Alisema dawa zote hizo ni za maradhi yenye huruma, na mdondo hauna huruma.

Mdondo nilikuwa naujua. Kwetu ulipita nikiwa mdogo, jioni tulifunga banda la kuku wazima, asubuhi tukakuta shingo zimepinda na jogoo mmoja anazunguka peke yake. Kwa hiyo habari zilipofika kwamba kuku wanakufa upande wa Makongolosi, kule kwenye migodi ya dhahabu, sikulala vizuri. Wachuuzi wa kuku walikuwa wakienda na kurudi njia hiyo kila wiki. Kishingo wangu wakati huo alikuwa ameshafunguliwa kamba, ametaga, na alikuwa analalia mayai kumi na moja nyuma ya mtungi wa unga. Yalikuwa mayai yangu mwenyewe, ya kwanza katika nyumba ile.

Ndipo akaja Bwana Mifugo. Alikuwa Mnyakyusa mrefu, mpole, mwenye baiskeli na kofia ya kaki, na alitangaza kuwa ataleta sindano ya kukinga mdondo. Alipatana na mama mkwe kwamba watu wakusanyike uani kwetu alfajiri, kuku kabla hawajafunguliwa, na yeye alale kwetu usiku wa kuamkia siku hiyo. Alifika magharibi mimi nikiwa kisimani. Akampa mama mkwe chupa ya chai ya buluu, akamwomba aiweke mahali pa baridi, na mama mkwe akaiweka chini kando ya mtungi wa maji. Mimi sikuambiwa. Siwalaumu, maana nani angefikiri mkwe atahitaji kuambiwa asiguse chupa ya mgeni?

Niliamka kabla ya wote niwashe moto. Nikaiona ile chupa kando ya mtungi, mahali tunapoweka vyombo vya kuoshwa. Nikasema moyoni, mgeni amekunywa chai yake yote, sasa anataka ajaziwe. Nikainyanyua, nikaitikisa kidogo. Ndani kikalia kioo: chililili.

Mtu yeyote aliyewahi kumiliki chupa ya chai anaijua sauti ile. Nilijua kioo cha ndani kimevunjika. Nikatoa kizibo nichungulie kwenye mwanga wa moto, nikaona maji na vitu vya kioo vinamemeta, nikaamini kabisa. Na nikaona mbele yangu siku nzima itakavyokuwa: chupa ya Bwana Mifugo imevunjika, jikoni alikuwamo nani? Mwali wa Idodi, aliyekuja na kuku hana shingo.

Kwa hiyo nikafanya nilichoona ni akili. Nikaenda kwenye sanduku langu, nikatoa chupa yangu ya mjomba, ya buluu vilevile. Nikatwanga tangawizi, nikachemsha chai ya maziwa, nikaijaza, nikaiweka palepale kando ya mtungi. Ile nyingine nikaipandisha uchagani juu ya moto, nyuma ya mahindi ya mbegu, kizibo kikiwa nusu wazi, nikasema mume wangu akirudi tutatafuta nyingine. Kisha nikabandika maharage na kuchochea kuni. Nilikuwa nimeridhika mno na nafsi yangu.

Kulipopambazuka ua ulikuwa umejaa. Walikuja majirani zetu Waislamu na kuku kwapani, wakaja pia wanawake wa Kisafwa, Wakristo wa mlimani, waliotoka kwao na giza wakiwa na matenga kichwani. Salamu zao za "mwagona" zilikuwa zinapishana na za "asalaam aleikum," na kuku wote wanapiga kelele. Bwana Mifugo akaeleza kazi ya sindano. Akachukua chupa kando ya mtungi, akaipandisha juu watu waione, akazungusha kizibo.

Ukatoka mvuke. Harufu ya tangawizi ilienea ua mzima.

Watu walinusa, wakanusa tena. Kisha mama mmoja wa Kisafwa akauliza taratibu, "Bwana Mifugo, kuku zetu zitachomwa na chai?"

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko, nimeuma ncha ya khanga. Mama mkwe akageuka. Hakutazama mtu mwingine yeyote, alinitazama mimi moja kwa moja, na akaona yote usoni pangu. Nilingoja jina langu litajwe. Yeye akawageukia watu, akapiga makofi mara moja.

"Ni mimi, jamani!" alisema kwa sauti. "Uzee huu! Nimeishika chupa ya mgeni nikaona ya baridi, nikasema aibu gani hii, mgeni anywe chai iliyopoa kwangu? Nikambadilishia."

Kicheko kilicholipuka hapo sijakisikia tena. Watu walishika mbavu, mwingine tenga lilimponyoka, kuku watatu wakatawanyika. Naye alicheka pamoja nao, akapita kando yangu kuingia jikoni, na alipofika ndani kicheko kikakatika.

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha uchagani kwa kidole.

Bwana Mifugo alipotia kidole ndani ya chupa, barafu yote ilikuwa imeyeyuka na maji yamepata uvuguvugu wa moto. Akavitoa vile vioo, vichupa vidogo vya dawa, akavilaza kiganjani. Watu wakaanza kumsihi: wametoka mbali, wamekwisha kuja, awachome tu hivyohivyo. Ingekuwa rahisi kwake. Wangeondoka wameridhika, na kuku wakifa wangesema Mungu amependa.

"Dawa hii ikipata joto inakufa," alisema. "Nikiwachomea dawa iliyokufa nitakuwa nimewadanganya ninyi. Mdondo siwezi kuudanganya." Akaenda akavitumbukiza chooni. Akaahidi kurudi siku ya tano na dawa nyingine, na hakumkaripia mtu. Kabla ya kupanda baiskeli akaomba kikombe, akaimimina ile chai, akaimaliza. "Ndaga fijo, mama," alimshukuru mama mkwe kwa Kinyakyusa. "Chai ni nzuri. Kosa lake ni chupa tu."

Siku nne zile zilikuwa ndefu kuliko miezi yangu mitatu ya ndoa. Kuku wakishikwa na mdondo kabla Bwana Mifugo hajarudi, nitakuwa mimi niliyewaua, wa kwetu na wa wale mama wa mlimani, na ni watu wawili tu duniani watakaojua. Mama mkwe hakunisema hata kwa nusu neno. Alijifunga kibwebwe, akapita nyumba kwa nyumba: kuku wasifunguliwe, wapewe chakula na maji ndani, asiuze mtu, asinunue mtu, atakayekufa azikwe, asitupwe wala asiliwe. Na kila alipofika waliangua kicheko kwanza. "Karibu, Bibi wa Chai ya Kuku!" Jina lilikuwa limeshapatikana. Yeye aliwaacha wacheke mpaka watosheke, kisha akakagua kama banda limefungwa.

Siku ya tatu akapita mchuuzi na matenga mawili ya kuku, anauza bei ya kutupa. Wanawake wakaanza kutoka majumbani. Mama mkwe akasimama katikati ya njia.

"Kuku wako wametoka wapi, mwanangu?"

"Makongolosi, mama. Soko lilikuwa baya."

"Soko la kuku migodini, wakati wenye dhahabu wanataka kitoweo, likawa baya?" Akachungulia ndani ya tenga bila kuligusa. Kuku mmoja alikuwa amelaza kichwa. "Geuza, baba. Kwetu hapa pana wagonjwa." Wagonjwa hawakuwapo, lakini mchuuzi aligeuza.

Siku ya tano mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikwisha kukata tamaa nilipomwona Bwana Mifugo akija kwa miguu, baiskeli anaikokota, mnyororo umekatika, na chupa ameifunga kifuani ndani ya koti kama mtoto. Nililia. Sikuona haya, nililia mbele yake. Akawachoma kuku wote wa njia yetu, wa mlimani akawafuata hukohuko, na kishingo wangu alichomwa akiwa juu ya mayai yake kwa sababu alikataa kunyanyuka.

Mdondo ulifika wiki chache baadaye. Ng'ambo ya mto mabanda yalibaki matupu. Kwetu walikufa wawili, wote wa mama mkwe, majogoo waliozoea kulala juu ya mti na ambao hatukuweza kuwashika siku ya sindano. Aliwazika mwenyewe na jembe, akanawa, akaingia kuswali. Mayai yangu yalianguliwa tisa. Watatu kati ya vifaranga wale, walipokua, nilimpelekea Bwana Mifugo, na miaka yote iliyofuata alipopita kwetu aliuliza kwanza leo anapewa chai ipi, ya watu au ya kuku.

Jina nalo halikutoka. Watoto walizaliwa wakalikuta. Mtu akikosea kitu Ilomba, akitia chumvi mahali pa sukari, aliambiwa amepika chai ya kuku, na mama mkwe akiwapo alicheka nao. Kila mara nilihisi kuchomwa. Nilipopata mtoto wa pili nilimwambia siwezi tena, nitawaambia watu ukweli.

Alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa.

"Mimi wananijua kwa mengi," alisema. "Wananijua kwa ukali wangu, kwa maandazi yangu, nimewazalisha nusu yao. Hilo la chai ni moja tu. Wewe siku ile walikuwa hawakujui kwa lolote. Lingekuwa ndilo lako la kwanza, na la kwanza ndilo linalobaki. Niache na jina langu, nimeshalizoea. Nikishakufa, sema utakalo."

Aliishi miaka mingi, namshukuru Mungu kwa kila mmoja. Siku ya mazishi yake wanawake wa Kisafwa walishuka kutoka mlimani, na nilimsikia mmoja akilia, "Ametuacha Bibi wa Chai ya Kuku." Nilifungua kinywa niseme, machozi yakanizuia. Basi nasema sasa, nikiwa nami ni mama mkwe wa watu: ile tangawizi niliitwanga mimi.