Vidole Viwili vya Fundi Sindano

Jina la Sindano alibandikwa kwa mambo mawili, kazi yake na vidole vyake. Kazi yake ilikuwa kushona vitu vya ngozi katika klabu ya farasi: matandiko, hatamu, mikanda ya tumbo na mikanda ya pua. Alivishona ndani ya chumba kidogo nyuma ya mazizi, chenye meza moja, dirisha moja na harufu ya nta ambayo sabuni haikuiweza. Vidole vyake navyo, jamani, vilikuwa vyembamba hata mtu akimpa mkono alikuwa anaogopa kuvivunja. Marehemu mumewe alizoea kumtania kwamba pete ya ndoa aliinunua kwenye duka la watoto.

Vidole hivyo ndivyo vilivyompandisha cheo. Klabu ile ilikuwa na mashindano yake ya madaha. Humo farasi harukishwi viunzi wala hakimbizwi. Anapita uwanjani kwa hatua za kupendeza, anageuka, ananyata, anakwenda mshazari, na majaji wamekaa kivulini wanampa maksi. Farasi mtulivu anapata nyingi. Farasi anayeachama mdomo anakatwa, maana kuachama, wanasema wakubwa hao, ni ukaidi. Basi wenye farasi wanawafunga mkanda puani ili mdomo ubaki umefumba. Na kwa kuwa binadamu hajui kukaza kidogo, iko kanuni: kabla farasi hajaingia uwanjani, mtu asimame langoni apenyeze vidole viwili kati ya mkanda na mfupa wa pua. Vikipita, farasi aingie. Visipopita, mkanda ulegezwe.

Mtu huyo alikuwa Sindano. Mwenyekiti wa klabu alimtangaza mbele ya watu wote, akasema nani anaijua mikanda hii kuliko anayeishona, akamvisha koti la kijani lenye vifungo vinavyong'aa. Akavimba kichwa, tusifichane. Nyumbani alilitundika koti lile peke yake, lisibanane na nguo nyingine. Na kila msimu vidole vyake vilipita puani mwa kila farasi, hakuna hata mmoja aliyerudishwa, akawa anatamba kwa majirani kwamba klabu yao haina mnyama anayeteswa. Alikuwa anaamini kila neno.

Alikuwa na binti mmoja, Chiriku, aliyekulia mazizini humo na mdomo wake haukujua kupumzika. Aliongea na farasi, aliongea na ndoo, akikosa wa kuongea naye aliimba. Kocha wa klabu alikuwa mjomba wake, mdogo wake Sindano wa tumbo moja, na ndiye aliyempandisha Chiriku juu ya farasi tangu miguu yake haijafika popote. Sasa alikuwa mwanamke mzima na mpanda farasi hodari, lakini wa kibarua tu, leo yupo kesho hayupo. Mwaka huo klabu ikasema itaajiri mpandaji mmoja wa kudumu, mwenye mshahara na chumba cha kuishi. Waliobaki kugombea walikuwa wawili, Chiriku na mtoto wa mwenyekiti. Wote wawili wangempanda farasi mmoja siku moja, mmoja akitoka mwingine anaingia, na atakayepata maksi nyingi kazi ni yake.

Farasi mwenyewe alikuwa jike wa kijivu aitwaye Shwari. Kila mtu alimpenda kwa upole wake. Wageni walipenda kupiga naye picha, kwa sababu hata uwanjani, katikati ya kelele, mdomo wake ulikuwa umefumba tu.

Siku mbili kabla ya mashindano, Sindano alikuwa mezani anatoboa matundu kwenye mkanda mpya. Kazi hiyo inataka nyundo na chuma chenye ncha ya mviringo, na inataka macho. Macho ya Sindano yalikuwa dirishani, yanamtazama mwanawe akifanya mazoezi. Nyundo ikashuka pasipo chuma. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia vikapata cha moto, na kufikia siku ya mashindano vilikuwa vimevimba, vimefungwa bendeji, vinene kama vya mchoma mkaa.

Asubuhi hiyo mdogo wake alimkuta anafunga vifungo vya koti lake la kijani kwa mkono mmoja.

"Dada, pole. Leo si ungepumzika? Yule binti wa mapokezi anaweza kukushikia zamu."

"Yule kasuka nywele tu maisha yake yote, anajua nini juu ya mikanda?"

"Hakuna cha kujua. Ana vidole kama vyako."

Sindano akainua macho. "Kama vyangu vipi?"

"Basi tu," kocha akasema, akajifanya anaitwa huko nje.

Neno lile likamkaa rohoni. Alitembea nalo hadi langoni. Wa kwanza kuingia siku hiyo alikuwa Chiriku, na alikuja juu ya Shwari amevaa koti jeusi la kuazima, mgongo wima, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa kimya. Kocha alikuwa ameshika hatamu.

"Shikamoo, Mama," Chiriku akasema kutoka juu. "Niombee."

"Marahaba, mwanangu."

Akanyoosha mkono wa kulia kwa mazoea, bendeji na yote, akaupeleka puani mwa Shwari. Vidole havikupita. Si kwamba vilibana, havikuingia hata ncha. Akajaribu tena, Shwari akarudisha kichwa nyuma.

"Ni hiyo bendeji," kocha akasema upesi. "Tumia mkono wa kushoto, dada."

Akatumia wa kushoto. Vidole vyembamba vikateleza, vikapita, kwa taabu kidogo, kama vilivyopita siku zote. Kocha akashusha pumzi, akavuta hatamu amwongoze farasi. Sindano hakutoka njiani.

"Hebu tia wewe."

"Nitie nini?"

"Vidole vyako. Wewe ni mtu mzima na kanuni inasema vidole viwili vya mtu mzima. Tia."

"Dada, kengele inakaribia."

"Nimesema tia."

Akatia, maana dada ni dada. Au tuseme alijaribu. Vidole vyake vilikuwa vya kawaida tu, vya mwanamume wa kawaida, na viligota kwenye ngozi kama vinavyogota ukutani. Akavirudisha akavificha mfukoni, akatazama viatu vyake. Na hapo Sindano akaelewa yote kwa mpigo mmoja: koti, vifungo, hotuba ya mwenyekiti. Hawakumchagua kwa sababu anaijua mikanda. Walizunguka klabu nzima wakitafuta mkono mwembamba kuliko yote, wakaupata, wakauvisha kilemba cha ukoka, nao ukawapitishia farasi mmoja baada ya mwingine huku mwenye mkono anatabasamu.

"Ulijua," akamwambia mdogo wake.

"Kila klabu inafanya hivi, dada. Si sisi peke yetu."

"Sijakuuliza habari za klabu nyingine. Ulijua?"

Kocha akaanza kuinyoosha hatamu ambayo haikuwa imejikunja.

Sindano akamsogelea Shwari. Akaushika mkanda, kazi ya mikono yake mwenyewe, akafungua kifungo, akaulegeza tundu kwa tundu hadi vidole vyake vilivyovimba vikapita na bendeji yake. Chini ya mkanda pua ya Shwari ilikuwa na mfereji, manyoya yameisha, ngozi imekakamaa. Naye Shwari, alipojisikia huru, akaachama. Aliachama taratibu, akapiga miayo mirefu, akafunga, akaachama tena, akachezesha taya huku na huku, kana kwamba hakuwa na hakika bado ni lake.

"Mama, unafanya nini?" Chiriku akauliza kwa sauti ya chini. "Rudisha tundu lile lile."

"Sirudishi."

"Akiwa hivi ataachama uwanjani. Watanikata maksi zote. Mama, leo ni siku yangu."

"Mjomba wako atuambie kwanza anaachama kwa nini."

Kocha akakuna kichwa. "Lile lijamu, kile chuma cha mdomoni. Hatamu ikivutwa kinabana ulimi. Akiachama anapata nafuu. Ndiyo maana tunamfunga, ili chuma kifanye kazi yake."

"Kwa hiyo mnamuumiza," Sindano akasema, "anafungua mdomo aseme kwamba anaumia, mnamfunga mdomo, halafu mnampa maksi za upole. Nimekosea wapi, nisahihishe."

"Unatia chumvi. Farasi hawa wanakula vizuri kuliko mimi na wewe. Wana daktari wao. Wakikohoa tu klabu nzima hailali."

"Mimi nikikupikia vizuri kila siku halafu nikakufunga taya kwa mkanda, utakaa unanisifia mapishi?"

Kengele ikalia. Sheria ya uwanja ni kwamba ikilia unaingia, usipoingia umefutwa. Chiriku alimtazama mama yake kwa macho ambayo Sindano hakuwahi kuyaona kwa mtoto wake, macho makavu kabisa, akachukua hatamu mkononi mwa mjomba wake, akaingia na mkanda ukiwa umelegea.

Yaliyotokea mle uwanjani yalionekana na kila mwenye macho. Farasi alikwenda vizuri, miguu haikukosea. Lakini kila Chiriku alipovuta hatamu kumgeuza, Shwari aliachama. Kumpunguza mwendo, kuachama. Kumsimamisha mbele ya majaji, akaachama hadi meno ya nyuma yakaonekana, ulimi unahangaika chini ya chuma. Jukwaani mtu mmoja alicheka, wakacheka wengi. Wakasema farasi ana usingizi. Majaji walishika kalamu zao, wakakata, wakakata. Ukatangazwa ukaidi wa farasi na maksi za chini ambazo hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawapati.

Chiriku alitoka, akashuka, akampa mjomba wake hatamu, akampita mama yake. Akaenda kusimama kwenye uzio.

Mwenyekiti alishuka jukwaani akiwa bado na tabasamu la wageni usoni. Lilimtoka alipofika langoni.

"Mama, umetuaibisha," akasema. "Mbele ya watu. Na umemharibia mwanao mwenyewe."

"Nimefuata kanuni yenu."

"Kanuni ipo, na miaka yote umeifuata bila matatizo."

"Miaka yote mlikuwa mnanifanya mjinga. Niambie ukweli mmoja tu, mliniteua kwa kazi yangu au kwa vidole hivi?"

Mwenyekiti hakupepesa macho. "Naomba koti," akasema.

Sindano akafungua vifungo, kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto, na hakuna aliyemsaidia. Koti likaenda kwa binti wa mapokezi, likamkaa sawasawa. Mtoto wa mwenyekiti akapanda. Kocha, mdogo wake Sindano wa tumbo moja, akainama akaukaza mkanda hadi tundu la zamani, na alipokuwa anakaza aliupa mgongo upande aliosimama dada yake. Shwari akajaribu kuachama mara moja, ikashindikana. Binti wa mapokezi akapenyeza vidole viwili vyembamba. Vikapita. Farasi akaingia.

Sindano alikwenda kusimama uziani karibu na Chiriku, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Alijua kinachokuja na alikuwa tayari kukibeba. Chumba kile cha kuishi Chiriku alikuwa ameshakipanga kichwani hadi mapazia. Kama angemwambia, Mama, umeniua, angekuwa na haki ya kusema. Kama angekaa mwaka bila kumwamkia, angekuwa na haki pia.

Uwanjani Shwari alikuwa anapendeza. Aligeuka, akanyata, akaenda mshazari. Mdomo umefumba kimya. Majaji walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja wao alimwonyesha mwenzake kwa kalamu, kana kwamba anasema, umeona sasa, yule yule farasi. Mtoto wa mwenyekiti alivuta hatamu, farasi akasimama pale pale palipotakiwa.

"Anafungua, Mama," Chiriku akasema.

Sindano akadhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Anafungua. Tazama pale chini ya mkanda, ngozi inavyovutika. Huyo kavuta, tazama. Anafungua mdomo na haufunguki."

Sindano akatazama, akaona. Kidogo tu, msuli unaokwenda na kurudi chini ya jicho. Usingeweza kuuona bila kuonyeshwa na mtu aliyekuwa juu ya farasi yule muda mfupi uliopita, alipokuwa anaachama.

"Kila anapovutwa," Chiriku akasema. Alikuwa ameushika uzio kwa mikono yote miwili. "Na mimi nimemvuta hivyo hivyo mwaka mzima. Kila siku nilikuwa nampigapiga shingoni namwambia ahsante kwa kutulia."

Maksi zikatangazwa. Jukwaani watu wakasimama, wakampigia Shwari makofi kwa utulivu wake.