Aliyenishika Kisigino

Naandika kwa wagonjwa wa kifua, hasa wale waliokwisha kuambiwa wakae tu wangoje. Someni pole pole. Sitawapambia maneno.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa nguvu. Nyumba yetu ilikuwa Magogoni, upande wa mikoko, na kazi yangu kulima muhogo na kukata kuni. Nilikuwa nimepita miaka arubaini na nimezaa watoto sita. Kuogelea sikujua. Kwetu maji yalikuwa ya wanaume. Sisi wanawake tuliishia magotini.

Vita vya Wazungu vilikuwa bado havijaisha. Siku moja nilivuka hori, ule mkono wa bahari unaoingia kati ya mikoko, kwa mtumbwi pamoja na Kadzo, wifi yangu, mke wa ndugu yangu Karisa. Tulirudi tumeujaza kuni kupita kiasi, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yalikuwa yakitoka kwa kasi. Mtumbwi ukapinduka. Kadzo akanishika kisigino cha kushoto, tukazama pamoja. Nikafumbua macho. Niliuona uso wake chini yangu katika maji yale ya rangi ya chai, umetulia, unanitazama. Nikampiga teke. La pili likamwachisha.

Mimi nilitolewa na wakata boriti waliokuwa mikokoni. Kadzo hakuonekana, hata leso yake.

Siku ya nne homa ikanishika. Ubavu wa kushoto ulinichoma kama mtu anaingiza mkuki na kuuzungusha. Nilikohoa makohozi ya rangi ya kutu. Hospitalini kisiwani walinitoboa katikati ya mbavu wakatoa usaha, mzito, unanuka, bakuli zima. Nilikaa huko miezi miwili. Siku ya kuondoka daktari aliniambia, "Mama, ugonjwa umetoka, lakini pafu la kushoto limelala. Usipoliamsha, homa ikirudi itakuchukua."

"Naliamshaje?"

"Puliza. Toa pumzi yote mpaka ndani kuwe kutupu, kisha vuta."

Maneno mepesi hayo. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani mchana kweupe, nikapuliza. Kifua kilipokaribia kuwa kitupu, vidole vikanifunga kisigino. Vitano, vya baridi. Nikatazama: hapana mtu. Nikapapasa: kisigino kimelowa. Nikaonja vidole vyangu. Chumvi.

Ikawa kila nikipuliza hadi mwisho, anakuja. Basi nikawa napumua nusu, juu juu, kama kuku wa jua kali. Ndoo ya maji ikanishinda. Mganga alisema ni pepo wa bahari, nisiguse maji ya chumvi. Mzee wa kanisa alisema nisimsikilize mganga, niombe, na maji ya chumvi nisiyaguse. Hapo tu walipatana. Nami nikazidi kukonda.

Karisa akaja. Alikuwa dobi katika kambi ya askari pwani ya Nyali, na mabaharia walimfundisha kuogelea kwa namna yao: uso majini, mkono mmoja baada ya mwingine, pumzi unaivutia ubavuni. Wajukuu wangu wanauita mtindo huru.

"Dada, twende majini," akasema. "Hakuna mahali mtu hupuliza hadi mwisho kama humo."

"Maji yamemla mkeo, nawe wanirudisha humo humo?"

"Yamemla kwa kuwa hakujua. Wewe utajua."

Tulianza siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, asubuhi, wakati hori limetulia kama mafuta. Nilivaa gauni kuukuu, nikajifunga leso kiunoni. Jirani yangu Mama Dama alisimama juu ya ukingo akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama mzima! Wajifunza uchura?"

"Chura hakohoi," nikamjibu. "Nenda kapike."

Mikono niliijua upesi, maana mtu aliyelima anajua kuvuta. Kugeuza uso nilijua wiki ya pili, baada ya kumeza chumvi ya kutosha kukaushia samaki. Miguu ndiyo iliyokataa. Nikitia uso majini na kupuliza, vidole vinakuja, na miguu inakuwa magogo. Naning'inia. Nazama.

"Piga miguu!" Karisa alikuwa akipiga kelele. "Dada, piga! Mbona hupigi?"

Siku kumi na zaidi alinipigia kelele hizo. Mwisho nilitoka majini nikaketi kwenye matope.

"Karisa, sitapiga. Kadzo alinishika kisigino nami nikampiga teke. Mara mbili. Kama nisingempiga labda tungetoka wote."

Kaa waliingia mashimoni, wakatoka tena. Karisa hakunitazama.

"Najua," akasema. "Ulipoletwa, ni mimi niliyekuosha miguu. Kucha zake zilikuwa zimeandika kisigino chako. Nimekungoja uniambie."

"Huna hasira?"

"Ninayo. Inuka."

Tukarudi majini. Akasimama mbali nami, hakunishika mkono. Nilitia uso, nikapuliza mpaka kifua kikawa kitupu kabisa. Vidole vikaja. Nikapiga miguu hivyo hivyo, vikiwa vimenishika. Nikageuza uso, na pumzi ikaingia, ikashuka hadi chini ya mbavu mahali ambapo haikufika tangu ugonjwa. Palipasuka kitu, niliumia nikalia ndani ya maji. Sikuacha. Nilivuka hori kutoka ukingo hadi ukingo.

Karisa alinifuata, akatoka uso umembadilika.

"Dada, ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Nimesikia miguu minne."

Mimi nilikuwa sioni nyuma. Sisemi ni pepo, wala sisemi si pepo. Nasema yaliyotokea.

Homa ilirudi mwaka uliofuata, nikakaa nayo siku tano, ikaondoka. Daktari aliweka sikio kifuani akasema pafu limeamka. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Karisa zaidi, kwani yeye alikuwa na sababu ya kuniacha nife.

Ninyi wagonjwa, msipumue nusu kwa sababu ya woga. Kama kuna jambo mmelificha, mwambieni mwenye haki ya kulisikia, hata akikasirika. Na binti zenu wapelekeni majini wangali wadogo.

Mtoto ambaye Kadzo alimwacha mdogo nilimfundisha mimi. Alipofika miaka kumi na miwili aliniuliza kwa nini namkazania miguu kuliko mikono. Nikamweleza yote, teke la kwanza na la pili. Akainuka. Nilidhani atakwenda zake.

"Shangazi," akasema, "nianze na mguu gani?"