Mchunga wa Mteremko wa Kianda

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa magunia mawili ya majani nikaambiwa nitenge mchunga na usio mchunga. Nilikuwa nimetoka Kitui, ambako mboga hiyo chungu tunaila tangu utotoni, nikajiona mjuzi. Mwenye Duka alipita saa nne, akachota konzi moja kwenye rundo langu akaitupa nje.

"Hapa umeweka nini, Mama Mutua?"

"Mchunga, Mzee. Si ona maua ya njano. Na ukiuvunja unatoa maziwa."

"Magugu mangapi yana maua ya njano na maziwa? Wachana na maua, angalia mizizi."

Hilo ndilo somo la kazi yetu. Mchunga huishi miaka mingi, na mizizi yake hutambaa chini ya udongo kama kamba, ikichipua hapa na pale. Gugu linalofanana nao lina mzizi mmoja ulioshuka wima, na msimu ukiisha limekufa. Majani tuliyauza kama mboga, mizizi ikachemshwa kwa wenye kuhara. Simwambii mtu aache kwenda hospitali, nasimulia tulivyofanya.

Duka lilikuwa Kabiro, Kawangware. Mwenye Duka alikuwa mwenyeji wa hapo, mwenye ploti na nyumba za kupangisha, na maneno yake yalikuwa machache na makali. Baada ya miaka miwili ya kuchambua na kuanika alinipandisha cheo niwe mchimbaji. Nikapewa mteremko ulio chini ya Kianda, kule Kibera, pamoja na Akinyi, mchimbaji mwenzangu aliyekuwa akiishi jirani na hapo. Yeye alinifundisha kucheka kazini, jambo ambalo dukani halikuwapo.

Sheria yetu ilikuwa hii: kata majani, na mzizi chukua kipande kisichozidi kidole. Kisha kanyagia udongo na uweke jiwe, ili mwenzako ajue pamevunwa na angoje wiki tatu. "Anayeng'oa mizizi yote asikanyage hapa tena," Mwenye Duka alisema. Hakuna aliyetukagua, aibu ilitosha.

Ukaja uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, na baada yake vurugu, mambo ambayo hadi leo siwezi kuyapanga yakakaa sawa kichwani. Sisi Wakamba hatukujua tumewekwa upande gani. Asubuhi niliambiwa tuko na hawa, jioni na wale. Jirani tuliyekuwa tukichota maji pamoja aliacha kunisalimia, halafu akaniletea unga, halafu akahama bila kuaga. Kutoka Kabiro kwenda Kianda ni mwendo wa miguu tu, lakini wiki nyingi zilipita bila mimi kuthubutu. Simu ya Akinyi haikupatikana.

Barabara zilipofunguka nilikwenda. Mteremko wote ulikuwa umechimbuliwa, mizizi imeondolewa, udongo umeachwa wazi, jiwe hakuna. Nilisimama pale nikaona kila kitu kimeharibiwa, hata hiki kidogo tulichokuwa nacho. Nikarudi dukani moja kwa moja.

"Ni Akinyi," nikamwambia Mwenye Duka.

"Una uhakika?"

"Nani mwingine anapajua?"

"Haya. Asilete kitu hapa tena."

Siku chache baadaye Akinyi alikuja na fungu lake. Mwenye Duka alimfukuza mlangoni, mbele ya wateja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikichambua majani, na sikutoka. Nikijiuliza kama hasira yangu ilikuwa ya mizizi au ya mambo yale mengine, nachanganyikiwa.

Mvua za masika zilinyesha, mchunga ukaota mteremkoni kuliko miaka yote. Nilimpeleka Mwenye Duka aone. Akainama, akafukua kidogo, akatoa vipande vya mizizi vilivyosalia udongoni, kila kimoja kimechipua.

"Ukiukata mzizi vipande kumi unapata miche kumi," alisema. "Kumbe sheria yangu ilikuwa ya bure." Nikangoja aseme tumwite Akinyi arudi. Hakusema, nami sikusema. Tayari Akinyi alikuwa amehama Kianda.

Niliendelea na kazi ile hadi magoti yakakataa. Nimestaafu nikiwa na heshima, vijana huja kuniuliza dawa hii ni ipi, nami huwaambia waangalie mizizi. Najibu kama mtu asiye na shaka.

Mwaka jana nilimkuta Akinyi katika mtaa wa Ayany, anauza mboga. Alinikumbatia mpaka kilemba kikanitoka.

"Mama Mutua! Wewe ulipotelea wapi? Nilikungoja pale mteremkoni, wacha tu."

Nikamuuliza kuhusu mizizi. Alinishangaa.

"Si watoto walikuwa wanahara pale kanisani tulikokimbilia? Hospitali hatukuweza kufika. Nikachimba yote. Nilijua wewe utaelewa." Kisha akapunguza sauti. "Lakini mpaka leo sijawahi jua ni nani alinichoma kwa Mzee, akanichongea hivyo. Wewe ulikuwa hapo dukani. Ni nani?"

Mengi ya wakati ule siyaelewi, na nimewaeleza hivyo bila kuficha. Hili nililijua. Nikamtazama usoni, nikamwambia, "Hata mimi sijui, Akinyi."

Akanifungia mboga, akakataa nilipe.