Fungu la Tokuji

Sadae alirudi ufuo wa Kazehama kama mgeni, baada ya kuishi Osaka kwa binti yake. Watalii walikuwa wakivuta wavu mkubwa wa juya kwa vifijo, naye akashika kamba, kwa sababu alitaka kitu kimoja tu. Zamani, samaki walipogawanywa, kila mvutaji aliitwa kwa jina, na aliyechukuliwa na bahari aliitwa pia, fungu lake likawekwa. Mumewe, Tokuji, alichukuliwa na bahari hiyo.

Mgawaji akampa mfuko wa vibua. "Haya bibi, wako huu."

"Na wa mume wangu?"

"Yuko wapi huyo mvivu?"

Sadae akaonyesha baharini. Mgawaji akawatazama waogeleaji, akacheka. "Mwambie atoke, ataganda! Chukua na wake."

"Mwite kwanza, mwanangu."

"Mwite mwenyewe, bibi. Foleni hiyo!"

Sadae akasogea majini, mfuko mmoja kila mkono, akafungua kinywa. Lakini tangu aolewe alikuwa akimwita "baba watoto" tu. Kulitaja jina lake hadharani ilikuwa kazi ya wavuvi. Jina likakataa kutoka.