Siku Mama Mkwe Aliposhuka Mteremko kwa Kigari

Hata leo nikipita karibu na ile parokia navuta kitenge mpaka puani, na ninyi mnaocheka chekeni tu, maana hakuna aibu nyingine iliyobaki mnayoweza kuniongezea.

Mama mkwe wangu, Mama Nzigire, ni mtu wa upande wa Bukavu, anaishi kwetu hapa Goma. Msimu wa mvua uliopita aliteleza mlangoni akavunjika nyonga, akatibiwa, akapona, lakini tangu hapo alikuwa anashika ukuta kutoka chumbani hadi jikoni, basi, njiani hataki kuonekana. Ndoa ya mjukuu wake ilipokaribia, akaniita.

"Mama Gloire, uniletee fimbo. Nataka niingie kanisani na miguu yangu."

Fimbo! Mimi nikawaza majirani watasema mke wa mtoto wake amemtafutia kipande cha mti (sisi tunaofanya kazi ofisini tunapenda kuonekana, hilo sifichi), nikaenda sokoni peke yangu, bila kumpima, bila kumuuliza mtu, nikanunua kigari cha kutembelea, chekundu, magurudumu manne, breki mkononi na kikiti cha kupumzikia katikati. Mama alikitazama, akakigusa, kikakimbia kidogo.

"Hii kitu iko na haraka kunipita."

"Utazoea, Mama."

Siku ya ndoa, tuliposhuka kwenye gari nje ya parokia, yale magurudumu madogo yakaanza kunasa katika mawe yetu ya volkano, mama anatoka jasho, fanfari ya tarumbeta na ngoma imeshaanza kupiga uani, maharusi wanafika, na mimi (hapo ndipo nilipojimaliza) nikamwambia akae kwenye kikiti nimsukume. Akakaa, uso kwangu, mgongo kule tunakokwenda. Kuvuka geti tu, saruji laini, tena mteremko hadi mlango wa kanisa! Kigari kikaanza kunivuta, nami nikakivuta (breki ziko mkononi mwangu, lakini nani alizikumbuka?), kisigino cha kiatu kikakatika, nikaanguka magoti, kitenge kikafunguka nikabaki na sketi ya ndani mbele ya wakwe, na mikono ikaachia.

Mama akaenda. Alikwenda akinitazama machoni, kilemba kimeinama upande mmoja.

"Mama Gloire! Uko nanipeleka wapi?"

"Sikupeleki, Mama!" nikapiga kelele, kana kwamba hilo lingesaidia.

Watu wakatawanyika, bibi harusi akakusanya gauni akaruka pembeni, na papa mmoja wa fanfari, mzee mpiga ngoma kubwa, ambaye hakuwa na pa kukimbilia, akapanua miguu akampokea kwa ngoma na tumbo: buuum! Fanfari yote ikanyamaza.

Nilifika kwa magoti. Hakuumia, namshukuru Mungu. Nyuma yangu watu walishaanza kucheka. Yeye hakucheka.

"Funga kwanza kitenge yako," akanong'ona. Kisha akanishika mkono. "Nilikuomba fimbo. Uliona haya juu yangu?"

Nililia palepale, kiatu kimoja mguuni, kwa sababu nilikuwa nimenunua kitu cha macho ya majirani, na aliyekaribia kuvunjika tena ni yeye. Akaingia kanisani ameshikilia mkono wangu upande huu, na ule wa papa wa ngoma upande ule.

Jumatatu tulienda wote wawili kwa kine wa hospitali, yule anayefundisha watu kutembea upya. Akamsimamisha na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia, akatafuta fimbo ambayo mshikio wake unafika kwenye kifundo cha mkono, chini ina mpira usioteleza, akamwonyesha kuishika upande wa mguu mzima. Mama akajaribu hii akairudisha, akajaribu ile, mpaka akachagua moja nyeusi, isiyo na urembo wowote.

"Tembea mpaka mlangoni, Mama, halafu urudi," akasema kine.

Akafika mlangoni, akaufungua, akatoka. Mimi nyuma na mkoba wake, yeye anasalimia watu kwenye baraza kama mgombea wa uchaguzi.

"Mama, amesema mpaka mlangoni!"

"Abakie na mlango yake."

Basi nimeapa: kitu cha kumshikilia mtu sitakinunua tena kabla mwenyewe hajakishika.