Neema wangu na damu ya gereji

Jamani, leo nimemlilia mtoto aliye hai!

Nimerudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nafungua gereji ya nyumbani, namkuta binti yangu Neema kalala chini, shati limelowa damu.

Nikaangua kilio cha msiba, nikaita ukoo mzima, hadi jirani akaja mbio, barakoa kidevuni.

Maiti ikafumbua jicho: "Mama, unatuharibia filamu!"

Kumbe yeye na mdogo wake wanarekodi filamu ya kutisha, majambazi wa London wanafufuka kulipiza kisasi. Lockdown hii ya korona hawatoki, bajeti hawana, damu wameipika kwa uji na rangi ya keki!

Nikamkumbatia na uji wake wote. Asante Mungu, mwanangu mzima.

Semeni kweli, hapa Sydney nani mwingine ana binti anayejua kufa vizuri hivi?